Sura ya Tatu: Pa Kulalamikia

Wameru wa Ngarenanyuki walipofukuzwa kwenye ardhi yao, Novemba 1951, Tangazo la Dunia la Haki za Binadamu lilikuwa na umri wa karibu miaka mitatu. Uingereza, iliyokuwa ikiisimamia Tanganyika, ilikuwa imelipigia kura ya ndiyo. Ndani yake kulikuwa na kifungu kinachokataza mtu kunyang'anywa mali yake kiholela, na kingine kinacholinda nyumba ya mtu isiingiliwe ovyo. Askari walikuja vilevile. Nyumba zilichomwa moto, mifugo ikaswagwa, na watu takriban 3,000 wakaamriwa wahamie King'ori, nyanda za chini zenye joto na maradhi ya ng'ombe, ili upande wao wa Mlima Meru ugawiwe walowezi wa Kizungu wafungue ranchi.

Hakukuwa na vita wala uasi uliotangulia. Mpango ulitoka kwenye ripoti ya tume ya Jaji Mark Wilson, iliyoundwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia kuitazama upya ardhi ya Arusha na Moshi. Tume ilipendekeza eneo lililo kati ya Meru na Kilimanjaro liwe kipande kimoja cha Wazungu, kisichokatwakatwa na makazi ya Waafrika. Juu ya ramani ya ofisini pendekezo hilo lilikaa vizuri. Kwenye ardhi yenyewe palikuwa na familia, mazizi, mashamba na makaburi.

Wameru walikataa kwenda King'ori. Wengi walijibana kwa ndugu zao mlimani, wakachangishana fedha, wakamweka wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi, na wakamchagua Kirilo Japhet awe msemaji wao. Julai 1952 Kirilo alikuwa New York, mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, akieleza yaliyowapata watu wake. Alikuwa Mtanganyika wa kwanza kuzungumza katika chombo hicho, miaka karibu mitatu kabla ya Julius Nyerere kufika hapo hapo kwa niaba ya TANU, Machi 1955.

Swali linalonivuta katika kisa hiki ni jepesi kulitamka. Kwa nini Kirilo aliweza kufika mbele ya baraza lile, na Mkikuyu wa Kiambu aliyepoteza ardhi kwa namna hiyo hiyo hakuweza? Mkikuyu hakuwa mnyonge zaidi wala hakudhulumiwa kidogo zaidi. Tofauti ilikuwa hadhi ya nchi. Kenya ilikuwa koloni la Uingereza, kwa hiyo mambo yake yalihesabiwa kuwa ya ndani ya Uingereza. Tanganyika ilichukuliwa kutoka kwa Wajerumani baada ya Vita vya Kwanza, ikapita mikononi mwa Shirikisho la Mataifa, na mwaka 1946 ikawekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Ibara ya 87 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa ililiruhusu Baraza la Udhamini kupokea malalamiko kutoka kwa wakazi wa maeneo ya udhamini na kutuma wajumbe kwenda kukagua. Ni mstari mmoja tu wa sheria, lakini ndio uliomvusha Kirilo bahari.

Sasa tuliangalie Tangazo lenyewe. Lilipitishwa Paris usiku wa tarehe 10 Desemba 1948, kwa kura 48 za ndiyo, bila hata moja ya hapana. Nchi 8 zilijizuia kupiga kura: Muungano wa Kisovieti na nchi nyingine za kikomunisti za Ulaya, Saudi Arabia, na Afrika Kusini, ambako chama cha ubaguzi wa rangi kilikuwa kimeingia madarakani mwaka huo huo. Waafrika waliokuwa na kiti katika Umoja wa Mataifa walihesabika kwa vidole: Misri, Ethiopia na Liberia, ukiiweka kando Afrika Kusini ya makaburu. Sisi wengine tulizungumziwa tukiwa hatupo.

Kwa sababu hiyo utawasikia watu, tena wasomi, wakisema haki za binadamu ni mambo ya Wazungu. Siyakubali maneno hayo. Eleanor Roosevelt aliongoza kamati ya uandishi, ni kweli, lakini pembeni yake walikuwapo Charles Malik wa Lebanon na Peng Chun Chang wa China, na kwenye Tume ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa alikuwapo Hansa Mehta wa India, nchi iliyokuwa imetoka kujikomboa kwa Mwingereza mwaka mmoja nyuma. Jambo kubwa zaidi kwangu ni nani aliyeyatumia maneno yale. Wameru hawakungoja kuthibitishiwa kwamba haki ni zao. Walizichukua na kwenda kumshtaki nazo Mzungu, mbele ya Wazungu, katika mji wa Wazungu.

Kasoro ya Tangazo ilikuwa kwingine, na haitajwi sana. Halikumpa mtu pa kulalamikia. Mwaka 1947, kabla hata ya kuliandika, Tume ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikuwa imekwisha kuamua kwamba haina mamlaka ya kuchukua hatua yoyote juu ya malalamiko yanayoletwa kwake. Barua za walioteswa, waliofungwa na waliofukuzwa zilipofika, ziliorodheshwa kwa siri na kuwekwa. Wakati wa uandishi kulikuwa na pendekezo la kuingiza haki ya mtu kupeleka malalamiko kwenye Umoja wa Mataifa. Liliondolewa, na usiku ule ule wa Paris Baraza Kuu likapitisha azimio la kuliahirisha suala hilo. Mataifa makubwa yalikuwa tayari kusema binadamu wana haki. Hayakuwa tayari kuulizwa na binadamu mmoja mmoja. Ilichukua hadi 1967 na 1970 kwa Umoja wa Mataifa kuanza kuyafanyia kazi malalamiko hayo kwa utaratibu unaoeleweka.

Mtu anayeomba hisani hana la kufanya akinyimwa, isipokuwa kushukuru kwa kidogo alichopata jana. Mtu mwenye haki akinyimwa anauliza: nani ataamua kati yangu na wewe? Kama jibu ni kwamba aliyemnyima ndiye atakayeamua, basi alichokuwa nacho kilikuwa hisani tangu mwanzo, hata kama kimeandikwa kwenye katiba kwa wino wa dhahabu. Katika sura hii nitakifuatilia kitu hicho kimoja: njia ya kulalamika, jinsi ilivyofunguliwa na kufungwa katika nchi yetu kwa zaidi ya miaka sabini.

Kirilo hakupata ardhi. Nusu ya wajumbe wa Baraza la Udhamini walikuwa nchi zilizosimamia maeneo ya udhamini, Uingereza ikiwa mojawapo. Kesi ya nyani, hakimu ngedere. Baraza lilisikitika kwamba Wameru wamehamishwa, likaishia hapo bila kuamuru warudishwe. Desemba 1952 hoja ilifika Baraza Kuu, na azimio kali zaidi likakosa theluthi mbili ya kura zilizohitajika. Lakini serikali ya kikoloni ilikuwa imelazimika kusimama na kujieleza, mbele ya mataifa, juu ya jambo ililolifanya kwa wakulima wa kijiji ambacho hakuna aliyekijua. Kirilo aliporudi alizunguka nchini akisimulia, na watu waliomsikiliza walielewa kwamba Gavana ana mkubwa wake. TANU ilipozaliwa Julai 1954, ardhi ya watu mlimani Meru ilikuwa imekwisha kufungua masikio mengi.

Ingekuwa rahisi kuimaliza hadithi hapo: mkoloni akaondoka, haki zikaja. Haikuwa hivyo. Tanganyika iliingia kwenye uhuru mwaka 1961 bila sura ya haki za binadamu katika katiba yake. Kenya na Uganda zilikuwa nazo; viongozi wetu waliikataa kwa makusudi, na tume ya mfumo wa chama kimoja ilipoliangalia tena suala hilo mwaka 1965 ilifikia uamuzi huo huo. Sababu zao zilikuwa wazi. Majaji wengi wakati ule walikuwa wageni waliobaki kutoka enzi ya ukoloni, na serikali iliogopa kwamba mipango ya kuibadili nchi maskini ingeishia kukwama mahakamani. Walisema pia kwamba taifa changa linahitaji umoja kuliko kesi.

Hofu yao haikuwa ya kijinga. Hata hivyo gharama yake ililipwa na watu wasiojulikana. Mwaka 1962 ilitungwa Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini, iliyomwezesha Rais kumfungia mtu bila kumfikisha mbele ya hakimu. Kwa upande wa pili, mwaka 1966 ilianza kazi Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, ya kwanza ya aina yake barani Afrika, na mwananchi yeyote angeweza kuipelekea malalamiko dhidi ya ofisa aliyetumia cheo vibaya. Watu waliitumia sana, wakulima na watumishi wa chini wakiwamo. Tume hiyo ilikuwa jambo jema, lakini taarifa zake ziliishia mezani kwa Rais, na Rais ndiye aliyeamua. Mlalamikaji hakuwa na hukumu ya kushika mkononi.

Mwaka 1976, katika msako wa wauaji wa vikongwe mikoa ya Mwanza na Shinyanga, watu walikamatwa kwa wingi, wakateswa, na baadhi wakafia mikononi mwa dola. Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu kwa kuwajibika, na baadhi ya maofisa wakafikishwa mahakamani. Kitendo cha Mwinyi kinasifiwa hadi leo, na kinastahili sifa. Mimi hujiuliza juu ya wajane waliobaki. Waziri alipata njia ya kulinda heshima yake. Wao hawakuwa na kifungu hata kimoja cha katiba cha kwenda nacho mahakamani kusema: dola imeniulia mume, dola inijibu.

Mabadiliko yalianza kutoka pande mbili. Juni 1981, wakuu wa nchi huru za Afrika walikutana Nairobi na kupitisha Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ulioandaliwa chini ya uongozi wa mwanasheria Kéba Mbaye wa Senegal. Tanzania iliuridhia mwaka 1984. Nyumbani, mjadala wa katiba wa 1983 ulikuwa umewapa watu nafasi ya kusema, na wanasheria pamoja na Wazanzibari walisema kwa sauti kubwa kwamba wanataka haki ziandikwe. Mwaka 1984 Bunge likapitisha Mabadiliko ya Tano, na ibara za 12 hadi 29, haki pamoja na wajibu, zikaingia kwenye Katiba ya 1977. Serikali ikajipa miaka mitatu ya kusafisha sheria zake kabla mtu hajaruhusiwa kuishtaki. Muda ukapita, sheria nyingi zikabaki zilivyokuwa, na Machi 1988 milango ya mahakama ikafunguliwa.

Miezi mitano baadaye, Agosti 1988, mwanamke mmoja wa wilaya ya Muleba aliuza shamba. Kesi iliyofuata inafundishwa katika vyuo vya sheria kwa jina la Ephraim dhidi ya Pastory, na nataka tukae nayo kidogo.

Shamba lilikuwa la baba yake. Baba alimwachia kwa wosia halali, bila ubishi wowote. Mama huyu alikuwa amezeeka na hakuwa na wa kumtunza, akaliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo wao. Ndugu yake wa ukoo akakimbilia Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha kudai kwamba mauzo ni batili, kwa sababu mwanamke wa Kihaya haruhusiwi kuuza ardhi ya ukoo. Hakuwa akibuni. Kanuni za mila za Wahaya, zilizoandikwa na kutangazwa na serikali yenyewe mwaka 1963, zilisema hivyo waziwazi: mwanamke anaweza kupewa ardhi ya ukoo aitumie maisha yake yote, lakini asiiuze. Mwanamume wa ukoo huo huo aliweza kuuza. Ndugu zake wangeweza tu kuikomboa ardhi kwa kumrudishia mnunuzi fedha zake. Mahakama ya Mwanzo ikafuata kanuni, ikafuta mauzo na kumwamuru mama arudishe fedha. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikatengua uamuzi huo, ikisema katiba sasa inakataza ubaguzi. Ndugu wa ukoo akakata rufaa Mahakama Kuu, Mwanza.

Jaji alikuwa James Mwalusanya. Hukumu yake ya Februari 1990 ilikusanya kila kitu nilichokwisha kukitaja katika sura hii: Tangazo la 1948, ambalo Katiba yetu inalitaja kwa jina katika ibara ya 9, Mkataba wa Afrika, mikataba ya kimataifa ambayo Tanzania ilikuwa imeitia saini, na ibara ya 13 inayokataza sheria yoyote ya kibaguzi. Mambo ambayo kwa miaka arobaini yalikuwa ya kusomwa kwenye sherehe yakawa sababu za uamuzi juu ya shamba moja huko Kagera.

Ninachokipenda zaidi katika hukumu ile ni jinsi alivyoitengeneza nafuu. Angeweza kusema mila imekufa, na akashangiliwa mjini. Alisema kwamba kuanzia siku ile mwanamke wa Kihaya ana haki zile zile za kurithi na kuuza alizonazo mwanamume, na anafungwa na masharti yale yale. Kwa hiyo mauzo yalikuwa halali, na ukoo ulibaki na nafasi yake ya zamani: ndani ya miezi sita uliweza kuikomboa ardhi kwa kumlipa mnunuzi shilingi 300,000. Wasipolipa, shamba ni la mnunuzi. Wazee wa ukoo waliolilia ardhi ya mababu waliambiwa waonyeshe uchungu wao kwa fedha, kama ambavyo wangefanya kama muuzaji angekuwa kaka.

Jaji huyo huyo, miaka minne baadaye, aliamua katika shauri la Mbushuu kwamba adhabu ya kifo ni ya kikatili na inakiuka Katiba. Mahakama ya Rufani ilimpinga mwaka 1995, na adhabu ikabaki kwenye vitabu.

Msomaji asidhani shauri la Muleba lilimaliza kazi. Kanuni za kimila za mwaka 1963 ziliendelea kutumika kwa makabila mengine. Wajane wawili wa Shinyanga waliofukuzwa na wakwe zao baada ya waume kufa walifika Mahakama Kuu, nayo mwaka 2006 ikakubali kwamba kanuni hizo zinabagua, kisha ikasita kuzifuta. Walikwama tena kwenye rufaa. Ikabidi waende Geneva, kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba dhidi ya ubaguzi wa wanawake, ambako mwaka 2015 Tanzania iliambiwa imewakosea. Shirika la Msichana Initiative, kupitia mwanzilishi wake Rebeca Gyumi, lilipata bahati kubwa zaidi nyumbani: mwaka 2016 Mahakama Kuu, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani, zilisema vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15, au hata 14 kwa idhini ya mahakama, ni kinyume cha Katiba. Serikali ilipewa mwaka mmoja kurekebisha. Mwaka ukaisha, sheria ikabaki.

Kushinda kesi na kupata haki ni safari mbili. Aliyelifahamu hilo kuliko wote alikuwa marehemu Mchungaji Christopher Mtikila. Mwaka 1994 alishinda Mahakama Kuu, mbele ya Jaji Lugakingira, akidai haki ya kugombea uongozi bila kudhaminiwa na chama. Bunge likabadili Katiba ili kumzuia. Akarudi mahakamani, akashinda tena mwaka 2006. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema suala la mgombea binafsi ni la kisiasa, liamuliwe na Bunge. Kwa nchi nyingi hadithi ingeishia hapo. Yake haikuishia, kwa sababu njia nyingine ilikuwa imefunguliwa, na ilikuwa imefunguliwa Arusha.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilihamia Arusha mwaka 2007. Itifaki iliyoiunda ina ibara ya 34(6), na wanasheria wanaijua kwa namba. Inasema mtu binafsi au asasi haiwezi kuishtaki nchi moja kwa moja mpaka nchi hiyo itoe tamko maalumu la kukubali kushtakiwa na watu wake. Nchi nyingi ziliridhia itifaki na kuliacha tamko pembeni. Tanzania ililitoa mwaka 2010, na heshima hiyo ni yetu. Juni 2013, Mtikila alishinda Arusha. Hukumu hiyo ndiyo ya kwanza ambayo Mahakama hiyo iliona nchi imevunja haki. Alifariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015, na mgombea binafsi hajaruhusiwa.

Baada yake walikuja wafungwa. Sehemu kubwa ya mashauri dhidi ya Tanzania yaliletwa na watu waliohukumiwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, wengine waliohukumiwa kunyongwa, wengi wakiandika maombi yao wenyewe wakiwa gerezani, kama vile Butimba kule Mwanza. Hawakuwa na wakili. Ndicho kilichokuwa kilio chao kikuu: walihukumiwa kwa makosa makubwa kabisa bila mtu wa kuwatetea, kwa lugha ya sheria wasiyoijua. Mwaka 2015, katika shauri la mfungwa mmoja wa aina hiyo, Mahakama ilisema nchi ilipaswa kumpa msaada wa kisheria hata kama hakuuomba. Mwaka 2017 Bunge lilitunga Sheria ya Msaada wa Kisheria. Tarehe 28 Novemba 2019 Mahakama iliamua kwamba kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa kila anayetiwa hatiani kwa mauaji, bila kumwachia nafasi ya kupima mazingira ya kosa, ni kukiuka haki ya kuishi. Jaji Mwalusanya alikuwa ameligusa jambo hilo robo karne kabla.

Wakati huo, tukiwa na rekodi ya kuwa nchi iliyoshtakiwa mara nyingi kuliko zote katika mahakama ile, Serikali ilikuwa imekwisha kupeleka barua ya kuliondoa tamko la 2010. Kujiondoa kulianza kufanya kazi tarehe 22 Novemba 2020. Rwanda ilitangulia mwaka 2016. Benin na Côte d'Ivoire zikafuata mwaka 2020. Sisi peke yetu ndio wenye mahakama hiyo kwenye ardhi yetu.

Hoja zilizotolewa zilihusu mamlaka ya nchi na namna ibara hiyo inavyotumika, na nchi huru ina haki ya kuwa na maoni juu ya mkataba wake. Lakini tazama ni nani hasa aliyefungiwa. Mwenye fedha na mawakili ana njia kumi. Mfungwa aliyekuwa akiandika kwa mkono wake mwenyewe alikuwa na hiyo moja. Na wingi wa kesi zetu haukuwa aibu: ulionyesha kwamba Watanzania wanaijua njia na wana imani nayo. Nchi nyingi nyingine hazikuwa na kesi kwa sababu wananchi wake hawakuruhusiwa kamwe kugonga. Mwaka huo huo wa 2020 Bunge lilirekebisha pia Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Msingi, kumtaka anayefungua shauri la kikatiba aonyeshe kwa kiapo jinsi yeye binafsi alivyoathirika, sharti ambalo lingewafungia mlango watu wengi wanaosimama kwa niaba ya wengine. Wanaharakati walilipeleka sharti hilo mahakamani.

Njia zilizobaki zipo, na kila mtu azijue. Mahakama Kuu bado inapokea mashauri ya kikatiba. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko bila ada. Tume ya Afrika iliyoko Banjul hupokea malalamiko ya mtu binafsi dhidi ya nchi yoyote iliyoridhia Mkataba wa Afrika, mradi awe amemaliza ngazi za nyumbani. Kamati ya Geneva waliyoiendea wajane wa Shinyanga iko wazi kwa wanawake wa Tanzania. Mahakama ya Afrika Mashariki, nayo iko Arusha, humpokea mkazi yeyote wa Jumuiya, ila ina sharti kali la muda: lazima ufungue shauri ndani ya miezi miwili tangu kitendo kitendeke au tangu ukijue. Watu wengi wamekosa haki zao hapo kwa kuchelewa tu.

Hata hivyo hakuna mojawapo inayoijaza nafasi ya ile tuliyoifunga. Banjul hutoa mapendekezo. Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha hutoa hukumu inayofunga nchi. Wananchi wa Ngarenanyuki, kata inayojulikana leo kwa nyanya na vitunguu, wako mwendo mfupi wa gari kutoka kwenye mahakama ya bara zima, na hawawezi kuifikia moja kwa moja wakiilalamikia serikali yao wenyewe. Babu zao, chini ya mkoloni, walifika New York.

Tamko la ibara ya 34(6) halihitaji sheria mpya wala kubadili Katiba. Ni waraka mfupi ambao Serikali huuwasilisha kwa Umoja wa Afrika, kama ilivyofanya mwaka 2010. Naiomba Serikali iuwasilishe tena, na namwomba msomaji wa sura hii amwandikie mbunge wake amuulize bungeni ni lini.